Sura ya Tano: Kibanja cha Babu, Uzee wa Shangazi

Tarehe 24 Agosti 1988, Bi Holaria Pastory wa mkoani Kagera aliuza kibanja chake kwa shilingi 300,000. Tarehe 25 Agosti, mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikuwa mahakamani akidai mauzo hayo ni batili.

Siku moja tu. Anayejua mwendo wa mashauri ya ardhi, yanavyolala kabatini hadi mashahidi wakazeeka, ataistaajabia kasi hiyo. Wanasheria wameisoma kesi hii kwa zaidi ya miaka 30, na karibu wote hukimbilia hoja za katiba. Wakikimbia hivyo hulipita jambo ambalo hukumu yenyewe imelitaja mwanzoni kabisa: bibi aliuza kwa sababu uzee ulikuwa umemwelemea na hakuwa na mtu wa kumtunza. Kibanja alikirithi kwa baba yake, kwa wasia halali. Ukoo ulijitokeza mnunuzi alipokwisha kuhesabu fedha zake.

Ili kumtendea haki mpwa, lazima kwanza tujue kibanja ni nini kwa Mhaya. Mgeni akifika Bukoba au Muleba huona migomba mizito yenye kivuli, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na nyumba katikati. Hudhani ardhi ya huko ina rutuba ya ajabu. Hapana. Ukitoka nje ya kibanja hatua chache unakutana na rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo duni ambao haumpi mkulima kitu cha maana. Tofauti ya hapa na pale imetengenezwa na watu. Kizazi baada ya kizazi walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, wakamwaga samadi ya ng'ombe, wakarudisha majivu na maganda. Babu alifanya hivyo, na baba yake kabla yake, na wote wawili wamezikwa humohumo kibanjani. Kwa hiyo Mhaya akisema kibanja ni cha ukoo, anataja makaburi, na pia anataja udongo uliobebwa kichwani.

Mtu wa nje akikinunua, ananunua vyote hivyo. Hofu ya Bernardo ilikuwa na mizizi.

Mila ilikuwa na dawa ya hofu hiyo, na dawa ilikuwa na ubaguzi ndani yake. Mwanamume akiuza kibanja cha ukoo bila ridhaa ya wenzake, ndugu waliweza kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Mauzo yalikuwepo, ila yalikuwa na mlango wa kurudi. Mwanamke akiuza, ilihesabiwa kwamba hakuuza kitu. Cory na Hartnoll walikuwa wamekusanya mila za Wahaya katika kitabu enzi za Waingereza, na mahakama zikakifanya rejea. Kisha mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikatangaza sheria ya mila kwa maandishi, katika Tangazo la Serikali namba 436. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja matatu: wa kwanza ni mtoto wa kiume mkubwa, wanafuata wana wengine, na mabinti wanashika mkia. Binti anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, lakini kuiuza hawezi. Mjane naye, maadamu marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Sentensi hiyo ya mwisho inavutia. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sheria ya mirathi inataja utunzaji waziwazi, na inautaja ili kumnyima mtu mali.

Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi Bernardo, na ikamwamuru shangazi arudishe shilingi 300,000. Mahakama ya wilaya ya Muleba ikapindua. Ilikuwa na kitu kipya mkononi. Tanzania ilikuwa imeingiza haki za binadamu katika katiba yake mwaka 1984, lakini serikali ikajipa muda wa kusafisha nyumba: hadi Machi 1988 hakuna aliyeweza kuishtaki kwa kuvunja haki hizo. Bi Holaria aliuza miezi mitano baada ya muda huo kwisha. Angeuza mapema kidogo, pengine tusingelijua jina lake. Miaka 20 kabla yake binti mwingine wa Kihaya, Verdiana Kyabuje, alifika Mahakama Kuu na jambo linalofanana na hilo, akaambiwa kwamba mila itabadilika Wahaya wenyewe watakapoibadilisha.

Rufaa ya Bernardo ilifika Mahakama Kuu kule Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya, ambaye hakuwa mtu wa kupakapaka maneno. Hukumu aliyoitoa tarehe 22 Februari 1990 ilisema mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku ikimruhusu mwanamume inagongana na katiba, na kwamba tangu siku hiyo wanawake na wanaume wana haki sawa juu ya ardhi hiyo. Habari zilifika mbali. Kesi inafundishwa vyuoni nje ya Afrika, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaja kuharamisha mila zinazowanyima wanawake haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Wanaoisimulia kesi hiyo husahau amri ya mwisho ya Mwalusanya, nasi tutairudia.

*

Tuache Muleba kwa muda tuingie katika nyumba ambayo wasomaji wengi wanaijua, hata kama wao hawatokani nayo. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Magomeni au Kariakoo au Mabawa kule Tanga, ukumbi katikati na uani nyuma. Babu aliijenga kwa mshahara wa bandarini au reli. Amefariki, matanga yameanuliwa, arobaini imepita. Katika vyumba viwili anaishi bibi na mjukuu aliyebaki naye, vinne vimepangishwa.

Kinachofuata kisheria si kirefu. Ukoo unakaa kikao, unapendekeza mtu, muhtasari unasainiwa, na mtu huyo anaupeleka mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Asipopingwa anateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wengi hudhani hapo amekuwa mrithi mkuu, na yeye mwenyewe aghalabu hudhani hivyo. Kazi yake ni ya karani na mpagazi: akusanye mali, alipe madeni, agawe, aondoke. Kanuni zinampa miezi minne kurudisha Fomu namba tano, yenye orodha ya mali na madeni, kisha, kwa muda utakaopangwa na mahakama, Fomu namba sita, yenye hesabu ya alivyogawa. Mahakama ikisharidhika na ya sita, usimamizi umekwisha.

Katika nyumba nyingi ya sita haijazwi. Msimamizi, tuseme baba mkubwa, anakusanya kodi ya vyumba vinne. Mwaka wa kwanza anagawa kidogo wakati wa Idi au Krismasi. Mwaka wa pili paa limevuja, kodi imekwenda kwenye paa. Mwaka wa tano hakuna anayeuliza, maana kuuliza ni kumkosea mkubwa heshima. Hati bado ina jina la babu. Kisha baba mkubwa anafariki naye, watoto wake wanaendelea kupokea kodi waliyozoea kuiona ikipokelewa, na binamu zao wanaanza kuitana vikao pembeni. Sasa kuna mirathi ndani ya mirathi, na waliokuwa watoto watano wa marehemu wamekuwa wajukuu 23, baadhi yao hawajawahi kuonana. Sheria haikatazi kufungua mirathi ya mtu aliyekufa zamani, ila katika Mahakama Kuu anayeomba baada ya miaka mitatu lazima aeleze alichelewa kwa nini. Sababu ambayo familia nyingi zingeitoa, kama zingesema kweli, ni aibu: kugawa mapema kulionekana kama kumharakisha marehemu aondoke mara ya pili.

Wakati huo wote mjukuu aliyebaki na bibi ndiye aliyempeleka kliniki, aliyemwogesha alipopooza, aliyelipa umeme wa Luku. Siku ya kugawa anauliza lake liko wapi. Anajibiwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba mjukuu harithi huku mzazi wake yu hai. Na kisheria jibu hilo, kwa sehemu kubwa, ni sahihi.

Mwandishi wa sura hii anaona kiini cha magomvi haya kipo hapo. Familia ina madaftari mawili. Moja limeandikwa nani amemzaa nani, na sheria zote tatu zinazotumika Tanzania, ya mila, ya Kiislamu na ile ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika kwa baadhi ya Wakristo, zinalisoma kwa ufasaha. La pili limeandikwa nani alikaa, nani aliondoka, nani alituma hela, nani aliosha vidonda. Hilo kila mwanafamilia analijua kwa moyo, hakimu hana mahali pa kuliingiza, na ndilo linalofanya watu wapigane mapanga kwa ajili ya robo eka.

*

Hakuna mahali daftari la kwanza linasomwa kwa hesabu safi kama katika mirathi ya Kiislamu. Babu akifa akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mali inakatwa mafungu 24: mke anapata matatu, mwana 14, binti saba. Shekhe mwenye uzoefu humaliza hesabu hiyo kabla kahawa haijapoa. Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huzifanya hesabu kama hizo kila siku, nyingine zikiwa na vizazi vitatu vya marehemu na sehemu zinazokatika hadi vidole havitoshi.

Lakini kuna hesabu moja ambayo imeliza wengi Pwani. Babu ana wana wawili. Mmoja anafariki kabla yake na kuacha watoto. Kisha babu anafariki. Mwana aliye hai anachukua, na watoto wa yule aliyetangulia hawapati chochote, kwa sababu mwana huwazuia wajukuu. Yatima hao wamepoteza baba, na kwa kumpoteza mapema wamepoteza pia fungu ambalo baba angewarithisha. Kama baba yao angeishi siku moja zaidi ya babu, wangerithi.

Nchi kadhaa za Kiislamu ziliona uzito huo. Misri, kwa sheria ya wasia ya mwaka 1946, iliweka wasia wa lazima: wajukuu wa namna hiyo wanapewa fungu la mzazi wao, bila kuvuka theluthi ya mali, hata kama babu hakuandika kitu. Pakistan mwaka 1961 ilikwenda mbali zaidi, ikawaweka wajukuu katika nafasi ya mzazi wao moja kwa moja, na maulamaa wakaipinga vikali. Huku kwetu mlango umebaki ule wa fiqhi yenyewe. Muislamu anaruhusiwa kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Mjukuu aliyezuiwa si mrithi, basi anausiwa. Kuzuiwa kwake ndiko kunakomfungulia wasia, na babu anayeijua elimu hiyo anaweza kukata shauri lote kwa karatasi moja na mashahidi wawili. Anaweza pia kutoa hiba angali hai na kumkabidhi mtu chake mkononi.

Wachache hufanya hivyo. Mzee anayeandika wasia hushukiwa na wanawe kwamba amerogwa na mjukuu, naye mwenyewe huona kama anajiitia kifo. Kwa hiyo anaahidi kwa mdomo, barazani, mbele ya jirani ambaye atatangulia kufa kabla yake.

*

Kenya ilijaribu njia nyingine. Sheria yake ya urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inawaweka wajukuu katika nafasi ya mzazi aliyetangulia kufa. Yule yatima wa Pwani, angekuwa Mkikuyu wa Nyeri, angechukua fungu la baba yake bila wasia. Ila mzazi akiwa hai, mjukuu anarudi nje. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika mirathi ya Veronica Njoki Wakagoto, ilieleza jambo hilo bila kuzungukazunguka: wajukuu hawana haki ya moja kwa moja kwa babu au nyanya aliyekufa bila wasia baada ya mwaka 1981, wakamrithi mzazi wao.

Kuna kifungu kingine katika sheria hiyo hiyo, cha 29, kinachowataja wajukuu kwa namna tofauti. Mjukuu ambaye marehemu alikuwa akimlea hadi anapofariki anaweza kuiomba mahakama imtengee kitu cha kutosha. Kwa mara ya kwanza daftari la pili linaonekana kufunguliwa. Lakini tazama limefunguliwa upande gani: kinachohesabiwa ni chakula alichopewa mjukuu na babu. Mjukuu aliyemlisha babu hatajwi.

Mabinti wa Kenya walipata ushindi wao mwaka 2005, katika shauri la familia ya Rono. Stephen Cherono wa Uasin Gishu alifariki mwaka 1988 bila wasia, akaacha wake wawili na ekari 192. Nyumba ya kwanza ilikuwa na wana watatu na mabinti wawili, nyumba ya pili ilikuwa na mabinti wanne watupu. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana sehemu kubwa zaidi, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba mabinti wanaweza kuolewa. Mahakama ya Rufani ikakataa kukitumia kipimo hicho, ikasema haikuona msingi wa kuwabagua, ikagawa upya.

Hoja ya kwamba binti ataolewa ina ukale wake, na katika familia nyingi za Kenya na Tanzania ingali inatajwa kila kikao kikikaa. Inachekesha ukiitazama kwa karibu. Binti ananyimwa shamba kwa sababu ataondoka. Kisha mzee akiugua anaitwa arudi kumuuguza, kwa sababu ni binti. Mwana, ambaye amepewa kwa sababu yeye ndiye wa kubaki, yuko Nairobi au Dubai. Hakuna ubaya wa kuwa Dubai. Huko ndiko hela ya dawa inakotoka, naye ana daftari lake la kuonyesha: risiti za M-Pesa za miaka minane. Ndugu wawili hawa wanapokutana baada ya mazishi, mmoja anahesabu siku na mwingine anahesabu shilingi, na hakuna jedwali la kubadilishia moja kwa nyingine.

Waganda wamejaribu kuweka asilimia. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, mtu akifa bila wasia, watoto na wazao hupata asilimia 75, mwenzi wa ndoa 20, wategemezi nne, na mrithi wa kimila moja. Ndugu zao Wahaya wa ng'ambo ya mto Kagera, ambao nao wanamwita mrithi huyo omusika, wakisikia asilimia moja hucheka. Kwa mila ndiye aliyekaa katika kiti cha marehemu. Kwa sheria mpya ya Kampala amebakiziwa kama pesa ya mafuta.

Ushindi wa mahakamani hauwi ushindi kibanjani siku hiyo hiyo, wala miaka mingi baadaye. Wajane wawili wa Shinyanga, washonaji wa nguo, walifukuzwa na mashemeji kwenye nyumba walizojenga pamoja na waume zao, waliofariki mwaka 1999 na 2000. Walikwenda Mahakama Kuu kulipinga lile Tangazo la 1963. Mwaka 2006 jaji alikiri kwamba sheria ni ya kibaguzi, kisha akakataa kuifuta kwa kuwa mila haibadilishwi kwa amri ya mahakama. Hii ilikuwa miaka 16 baada ya Mwalusanya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kosa la tarehe katika waraka wa mahakama yenyewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao, ikaitaka iwalipe fidia na irekebishe sheria. Watoto waliotolewa katika nyumba hizo wakiwa wadogo walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

*

Na sasa ile amri ya mwisho ya Mwalusanya.

Kisheria angeweza kuishia kwenye usawa: mwanamke anaweza kuuza, mauzo ni halali, kila mtu aende kwake. Alichofanya ni kuuacha mlango wa kukomboa, ila akaupanua uwe wa wote, wanaume na wanawake. Kama kibanja kilichouzwa na mwanamume hukombolewa na ukoo, cha Bi Holaria nacho kikombolewe kwa njia ile ile. Hapo udongo uliobebwa kichwani ulipewa heshima yake, na mnunuzi, Gervazi Kaizilege, akahakikishiwa hatapoteza fedha.

Bernardo alipewa miezi sita. Katika miezi hiyo alitakiwa amlipe mnunuzi shilingi 300,000, sawasawa na alizopewa shangazi yake siku alipoona hana mtu wa kumtunza. Akishindwa, kibanja ni cha mgeni. Kwa hesabu ya kalenda, muda huo uliishia tarehe 22 Agosti 1990, zikiwa zimebaki siku mbili kutimia miaka miwili tangu bibi alipouza.